Ile ya Mkono

Fomu ya mamogramu ina maswali ambayo mtu hujibu bila kufikiria sana. Ulianza hedhi ukiwa na miaka mingapi. Ulinyonyesha. Kwenu kuna mtu amewahi kuugua saratani. Anti alikuwa anaandika haraka, mkoba mapajani, na mama yangu ameketi kushoto kwake akisoma kila jibu kama mwalimu anayepita katikati ya madawati wakati wa mtihani. Mimi nilikuwa nimesimama, viti vilikuwa vimejaa.

Kalamu ilisimama kwenye swali la implanti.

“Hiyo si ile ya mkono?” Mama akauliza. “Si ulitoa?”

Ukitaja implanti kwenye zahanati nyingi hapa kwetu, nesi atakushika mkono juu ya kiwiko atafute kile kijiti cha kupanga uzazi. Mama hakuwa na sababu ya kuwaza kitu kingine. Anti hakuinua macho.

“Nilitoa,” akasema, akatia alama kwenye Hapana.

Mimi nilijua ukweli tangu mwaka uliotangulia. Niliangalia televisheni ya ukutani, kulikuwa na kipindi cha mapishi, na sikusema kitu.

Mwaka wa 2012 Anti alisafiri Istanbul kuleta nguo. Hiyo haikuwa ajabu, wafanyabiashara wa Nairobi huenda huko kila mara, na yeye alikuwa na kijiduka River Road. Alirudi baada ya wiki tatu na masanduku mawili ya magauni, akasema mgongo unamsumbua, akakataa kubeba kitu chochote kizito kwa mwezi mzima. Kifua kilikuwa kimebadilika, lakini Anti alijulikana kama mtu wa sidiria nzuri, kwa hivyo watu walisifu sidiria. Alikuwa na miaka 34. Alikuwa amenyonyesha watoto wawili, na mume wake alikuwa amehamia Rongai kwa mtu mwingine.

Nilijua haya kwa sababu niliishi naye Roysambu. Niliacha chuo nikiwa mwaka wa tatu, karo iliponishinda, na katika ukoo mzima Anti ndiye pekee hakuniuliza mpango wangu sasa ni upi. Yeye alienda dukani, mimi nikabaki na laptopu nikiandikia wanafunzi wa ng’ambo kazi zao za darasani. Sijivunii hiyo kazi, lakini ililipa mtandao na nusu ya kodi. Siku moja ikaja oda ya mwanafunzi wa uuguzi Marekani: kurasa 9 kuhusu upasuaji wa saratani ya titi kwa wanawake waliowekewa silikoni. Anti alisimama nyuma yangu na kikombe cha chai, akasoma skrini kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Kisha akasema, “Sogea.” Akakaa, akanieleza.

Kwa hivyo usiku huo nilikuwa naandika kuhusu kitu kilichokuwa kinakunywa chai kando yangu. Oda ilitaka historia fupi. Ndipo nikajua kwamba mwanamke wa kwanza kuwekewa silikoni za kisasa alikuwa Timmie Jean Lindsey, Houston, mwaka wa 1962, na kwamba alikuwa ameenda hospitali kuondolewa tatuu. Madaktari Thomas Cronin na Frank Gerow ndio walimuuliza kama angependa matiti makubwa. Yeye alichotaka hasa ni masikio yake yasijitokeze sana. Wakamfanyia yote mawili. Mimi nilicheka, Anti hakucheka. Nikaandika pia kwamba Marekani ilizuia silikoni za urembo mwaka wa 1992 ikaziruhusu tena 2006, na kwamba tafiti kubwa, zilizofuata wanawake kwa miaka mingi, hazikuona silikoni zikiongeza saratani ya kawaida ya titi. Hiyo sentensi niliiandika kwa dola 4 kwa ukurasa. Sikujua nitaihitaji tena bure.

Turudi kwa mamogramu. Mpigaji picha alikuwa dada wa umri wangu. Baada ya dakika chache alifungua mlango, akaangalia fomu, akatuangalia sisi, akarudi ndani. Anti alinisimulia baadaye. Kwenye skrini kulikuwa na kitu cheupe kikubwa kama mwezi, na nyama yenyewe ya titi imejikunja pembeni. Yule dada hakumgombeza. Alisema tu, “Madam, hapa ni mimi na wewe. Kuna kitu ungependa tubadilishe kwa hii fomu?”

Silikoni huzuia miale, na uvimbe unaweza kujificha nyuma yake. Kuna njia ya kuizunguka, ambayo daktari aitwaye Eklund aliieleza mwaka wa 1988: mpigaji picha anausukuma mfuko nyuma, kwenye ukuta wa kifua, anavuta nyama mbele, kisha anabana nyama peke yake. Picha zinakuwa 8 badala ya 4. Lakini lazima ajue kwamba kuna mfuko. Aliyewahi kufinywa na hiyo mashine anaelewa kwa nini hilo si swali la umbea.

Cha kushangaza ni kwamba uvimbe wenyewe Anti aliupata mwenyewe, akioga. Mfuko ukiwa nyuma husukuma nyama mbele karibu na ngozi, na wakati mwingine kitu kilichoota hapo kinashikika mapema. Hii pia nilikuwa nimeiandika. Ukurasa wa 4.

Biopsi ilifanywa kwa altrasaundi, daktari akiangalia skrini muda wote, sindano ikiingia imelala, sambamba na mfuko, isiutoboe. Siku 10 tukingoja. Jibu lilikuwa saratani, ya sentimita 2, kulia, upande wa juu kuelekea kwapa, ya aina inayolishwa na homoni. Mama alilia kwenye maegesho ya magari. Bado hakujua kuhusu silikoni, kwa sababu tulimwambia kwamba daktari anaruhusu mtu mmoja tu kuingia na mgonjwa, na mtu huyo nikawa mimi. Mimi ndiye niliyekuwa na muda. Ukiacha chuo, watu wote hujua una muda.

Daktari wa upasuaji alianza na maswali ambayo hakuna mtu aliwahi kumuuliza Anti. Mwaka gani? Walikata wapi, kwapani, kwenye chuchu au chini ya titi? Mfuko uko juu ya msuli au chini yake? Uso wake ni laini au unakwaruza? Anti alijua mwaka na alijua kovu liko wapi. Mengine alisema, “Walikuwa wanaongea Kituruki.”

Lile swali la mwisho halikuwa dogo. Kuna saratani nyingine, nadra sana, ambayo si ya titi bali ya chembe za kinga ya mwili, na hutokea kwenye ganda la kovu ambalo mwili hujenga kuzunguka mfuko. Imehusishwa hasa na mifuko yenye uso wa kukwaruza. FDA ya Marekani ilitangaza uhusiano huo mwaka wa 2011, na Julai 2019 kampuni ya Allergan ikaondoa mifuko yake ya aina ya Biocell sokoni duniani kote. Daktari hakufikiri Anti anayo hiyo. Alitaka tu kujua kilicho ndani kabla ya kushika kisu. Mtu akiwekewa silikoni hupewa kadi yenye jina la kampuni na nambari ya mfuko. Tulitafuta hiyo kadi siku mbili. Tulipata risiti za magauni ya 2012, cheti cha ndoa, na meno ya kwanza ya binamu yangu kwenye chupa ya dawa. Kadi hatukupata. Kliniki ya Istanbul haikujibu barua pepe zetu.

MRI ilisaidia. Mfuko ulikuwa chini ya msuli, na haukuwa umepasuka. Daktari alituonyesha kwa mikono yake, kiganja juu ya kiganja. “Hili ni titi lako. Chini yake msuli. Chini ya msuli ndio huu mfuko, halafu mbavu. Uvimbe uko huku juu. Naweza kuutoa bila kuugusa mfuko.”

Anti akavuta pumzi. Daktari akaendelea kabla hajaifurahia.

Ukitoa uvimbe peke yake na kuacha titi, lazima mionzi ifuate. Na mionzi haipatani na silikoni. Lile ganda la kovu, ambalo kwa watu wengi hukaa jembamba bila kusumbua, likipigwa mionzi linaweza kunenepa na kukaza, likaufinya mfuko hadi titi likawa gumu, likapanda juu, likauma. Si kwa kila mtu, lakini kwa wengi kiasi kwamba hawezi kumwahidi chochote. Tena, wanawake wanaoweka silikoni mara nyingi ni wale ambao nyama yao ilikuwa kidogo tangu mwanzo, kwa hivyo ukichota sentimita 2 na ukingo wake linabaki bonde linaloonekana. Njia nyingine ilikuwa kutoa uvimbe na mifuko yote miwili siku hiyo hiyo. Au kutoa titi zima, na baadaye, akitaka, kutengenezewa lingine kwa nyama ya tumbo lake.

“Ni ipi itaniacha hai?” Anti akauliza.

Hapa ndipo ningependa ukoo wangu wote ungekuwepo. Daktari alisema kwamba kwa uvimbe kama wake, kutoa kipande na kupigwa mionzi kunampa mtu maisha marefu sawa na kutoa titi zima. Hili lilipimwa Italia na Marekani, wanawake wakafuatwa miaka 20, na majibu ya tafiti zote mbili yakachapishwa 2002. Kwa hivyo mizani haikuwa titi upande mmoja na uhai upande wa pili. Uhai ulikuwa pande zote. Kilichobaki kilikuwa mwili wake, na vile angependa kuishi ndani yake.

“Ningekuwa dada yako?” Anti akamwuliza.

“Dada yangu si wewe,” daktari akasema. “Nenda nyumbani ufikirie.”

Sasa niseme kosa langu. Bima ililipa sehemu na kukataa sehemu, na tukafungua grupu ya WhatsApp ya kuchangisha. Mama alikuwa mwenyekiti, mjomba wetu mkubwa mweka hazina. Mjomba akataka kuona makadirio ya hospitali kabla ya kuomba watu pesa, jambo la haki kabisa. Nilikuwa na oda mbili za kumaliza usiku huo. Nilipakua PDF, nikaituma kwenye grupu bila kuifungua, nikarudi kazini.

Ukurasa wa pili, mstari wa sita, ulikuwa umeandikwa kutoa silikoni, matiti yote mawili, ikihitajika.

Nilipoona simu inawaka bila kuacha nikadhani ni michango. Mjomba alikuwa ameandika: “Kwa hivyo tunachangia matiti ya plastiki?” Chini yake watu 41 walikuwa wamesoma na hakuna aliyejibu. Aliyeahidi elfu hamsini akatoka kwenye grupu. Niliufuta ule ujumbe, ambayo ni njia bora ya kuhakikisha kwamba asiyeuona atauliza ulikuwa unasema nini. Kisha nikafanya kitu cha kijinga zaidi: nikaandika maelezo marefu kuhusu tafiti, kwamba silikoni hazileti saratani ya kawaida ya titi, kwamba mgonjwa hajajiletea chochote. Mjomba akajibu na video iliyosambazwa mara nyingi, ya mwanamke asiye na jina na muziki wa kutisha.

Nilimwamsha Anti saa sita usiku nikamwambia. Alisoma grupu yote, kuanzia juu, polepole. “Umeandika vizuri,” akasema. Akanirudishia simu na kugeukia ukuta.

Mama alifika asubuhi na mvua, viatu mkononi. Nilitarajia habari ya dhambi na urembo. Hakugusa hiyo kabisa. Alisimama mlangoni akasema, “Nilikuwa nimekaa hapo kando yako. Ungefinywa na hiyo mashine ikakupasukia, mimi nimekaa tu hapo.” Kisha akanigeukia. “Na wewe ulijua.” Hakuniongelesha tena hadi Jumapili.

Shosho aliletwa kutoka Murang’a wiki hiyo hiyo, na gunia la nduma. Alikuwa na maswali mawili tu. Zilikuwa pesa ngapi, na je, usiku mtu anaweza kulalia tumbo. Alipojibiwa akanyamaza kidogo, akasema kwa hiyo bei angenunua ng’ombe wawili, lakini ng’ombe wa siku hizi pia hufa.

Kila aliyekuja kutuona alitaka Anti ajute. Hawakusema hivyo, walisema “umejifunza nini”. Niliona ni kama ada: lipa majuto kwanza, ndipo upewe huruma. Mwanamke mwenye uvimbe huo huo, wa sentimita hizo hizo, asiye na silikoni, hulipa nini? Mama mmoja wa kanisa alimwuliza waziwazi kama anajuta. Anti alikuwa anamenya viazi. “Najuta kuolewa,” akasema. “Hizi sijuti.”

Alichagua kuacha mifuko. Alimwambia daktari kwamba amesikia yote, kwamba likija kuwa gumu litatolewa, lakini hataki kutoka hospitali siku moja akiwa amepoteza vitu vitatu. Mimi nilifikiri anakosea. Nilikuwa nimeandika kurasa 9. Nilimwambia, na akasema nirudie ukurasa ambao ulisema mwili ni wa nani.

Walimpasua mwaka wa 2022, Novemba. Walidunga rangi ya bluu kwenye titi ili ifuate njia ya maji hadi kwenye tezi za kwanza za kwapa, wakatoa tatu, zote safi. Ukingo wa kilichotolewa pia ulikuwa safi. Mfuko haukuguswa. Kwa siku nzima alikojoa kijani na alitaka kila mtu ajue. Mionzi ikafuata, siku 15 kwa wiki tatu, ngozi ikawa nyeusi kama iliyosahauliwa kwenye pasi. Kisha tamoksifeni, kidonge kimoja kila siku kwa miaka mitano, na joto la ghafla linalomfanya afungue madirisha ya matatu kwa nguvu. Ilikuwa bahati kwamba hakuhitaji kemo.

Titi lilianza kukaza kama miezi minane baadaye. Kwanza alisema ni baridi ya Julai. Kisha halikusogea tena akilala ubavu. Lilipanda, likawa duara, kama chungwa ambalo halijaiva, na la kushoto likabaki chini likiendelea na maisha yake. Alianza kuvaa mitandio. Sikusema “nilikuambia”, lakini nadhani uso wangu ulisema, kwa sababu jioni moja alizima televisheni akaniambia, “Nilijua. Nilichukua hii miezi nikijua.” Kwa muda huo alikuwa ameenda harusi mbili na gauni alilotaka. Alikuwa amekutana na mtu, ambaye bado yupo, na ambaye sitamwandika hapa.

Mapema 2024 daktari yule yule alitoa mifuko yote miwili na ganda la kovu la upande wa kulia, ambalo alisema lilikuwa nene kama ngozi ya ngoma. Lilipelekwa maabara litazamwe kama lina ile saratani nadra. Halikuwa nayo. Na mifuko, ilipotoka, ilikuwa na jina la kampuni na nambari mgongoni, na uso wake laini kabisa. Ile kadi tuliyopindua nyumba kuitafuta, habari zake alikuwa amelala nazo miaka 12.

Sasa kifua ni kidogo, kulia kidogo kuliko kushoto. Kanisani walimletea sifongo za kuweka ndani ya sidiria, bila yeye kuomba. Audre Lorde aliandika katika The Cancer Journals, mwaka wa 1980, jinsi nesi wa daktari wake alivyomwambia kwamba akija kliniki bila titi la bandia anashusha ari ya wengine. Nilimsimulia Anti, akasema huyo nesi lazima alikuwa na ndugu Roysambu. Kuna akina mama Thika, waliopona saratani, wanaofuma matiti kwa uzi. Tulienda akachagua moja, la rangi ya zambarau. Hulivaa akitaka. Siku nyingi liko kwenye kochi, na paka hulipenda.

Hospitali ilimkubalia kwenda na mifuko yake, imesafishwa, ndani ya kopo la plastiki. Kopo lilikaa juu ya friji wiki mbili bila mtu kulisema. Kisha Mama akaja na chapati, akala, akanawa mikono, akauliza kama anaweza kuona. Anti akaliteremsha. Mama alitoa mmoja akauweka kiganjani, akaupima juu na chini, vile yeye hupima nyama akidhani muuzaji anamwibia.

“Robo kilo na kitu,” akasema.

“Gramu 275.”

Mama akaubonyeza kwa kidole gumba, ukarudi. Akaubonyeza tena.

“Ilikuwa uchungu?”

“Kuweka ama kutoa?” Anti akauliza, na akavuta kiti.